Kiti cha Wageni Ofisini kwa Bi Verna

Wa kwanza kuisimulia habari hii alikuwa Verna Guidroz mwenyewe. Alimsimulia dada yake Lurline siku ya Watakatifu Wote, mwaka 2003, wakati wanapaka chokaa kaburi la wazazi wao huko Louisiana kusini. Lurline alisikiliza mpaka mwisho, akasuuza brashi yake, akaenda nyumbani kwa miguu, ingawa walikuja kwa gari moja. Humu hakuna lililoongezwa, na yale aliyoyasema Verna kwa kujiaibisha hayakupunguzwa.

Verna alikuwa mlezi wa bweni la wasichana katika chuo kikuu kimoja kidogo, mwaka wake wa kumi na tisa. Ofisi yake ilikuwa chini, mkabala na chumba cha kufulia nguo. Alikuwa mjane asiye na mtoto. Aliyekuwa naye ni mtoto wa ubatizo, Keith Hulin, mwana wa Lurline, ambaye Verna ndiye aliyempakata mbele ya padri. Keith alipofika miaka thelathini bila kazi ya kudumu, Verna alikwenda kwa wakubwa wa chuo akamwombea nafasi ya fundi wa majengo. Hivyo Keith akapewa funguo za kila mlango wa bweni lile. Kila mchana aliingia kwa Nanan wake, kama wanavyomwita kule mama wa ubatizo, akaketi kiti cha wageni na kunywa kahawa yake yote.

Kila Agosti ofisi ya polisi wa chuo ilimletea Verna barua. Waliletewa wote ambao mwanafunzi mwenye shida huwakimbilia: walezi, makocha, washauri. Barua ilikuwa na swali moja. Katika mwaka uliopita, kuna mtu aliyekueleza juu ya uhalifu? Ndiyo au Hapana. Ukiweka alama kwenye Ndiyo, unaandika ni kosa gani, lilitokea wapi, siku gani. Jina la aliyetendewa si lazima. Majibu yalijumlishwa, na tarehe mosi Oktoba kijitabu kilitolewa ili kila mzazi ajue anamleta mwanawe mahali pa namna gani. Sajini Trahan, aliyewafundisha wajibu huo, hakuchoka kuwaambia: "Huulizwi kama ni kweli. Kupima si kazi yako. Kazi yako ni kuleta."

Mwaka ule Verna aliweka alama kwenye Hapana, akatia sahihi, akafunga bahasha. Ilikuwa Ijumaa.

Jumatatu asubuhi alifungua ofisi. Kiyoyozi kilikuwa kimewaka tangu Ijumaa na chumba kilikuwa baridi kama ndani ya jokofu. Alikishika kiti cha wageni ili akisogeze apitishe ufagio, na mkono wake ukarudi wenyewe. Kiti kilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana dirisha lile halipati jua. Lilikuwa joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Jumanne likawepo tena. Jumatano mzee Ovey Sonnier, mfagiaji wa bweni, alikikalia afunge kamba za viatu, akaruka.

"Bi Verna," alisema, "umemficha nani humu? Kiti bado kina moto wake."

"Nani atanitaka mimi, Ovey?"

"Sijasema anakutaka. Nimesema alikuwa ameketi."

Ovey alicheka peke yake. Wiki ya pili ikaja harufu, ya nguo iliyosahauliwa ndani ya mashine ya kukaushia mpaka ikaanza kuungua, na juu yake sabuni ya unga. Verna alivuka kwenda chumba cha kufulia akagusa mashine zote sita. Zilikuwa baridi, na milango yake iko wazi. Aliporudi ofisini harufu ilikuwa imemtangulia.

Siku ya tisa ya Septemba alikuja msichana wa mwaka wa kwanza, Joni Mayeux, kuomba balbu. Alikuwa msichana mchangamfu mwenye sauti nene ya kijijini. Aliketi. Verna alikuwa ameinama anatafuta balbu kwenye droo aliposikia sauti nyingine, nyembamba na yenye mafua kidogo, ikisema:

"Bi Verna, samahani, una nafasi? Naomba nifunge mlango."

Alipoinua kichwa, ni Joni aliyekuwa anaongea, lakini macho yake yalikuwa yametulia ukutani kama ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Ni kule kwenye kufulia. Jana jioni. Nilikuwa natoa nguo, akaingia akafunga kwa ufunguo. Nilidhani anatengeneza mashine, maana aliiwasha, nguo zangu nyingine zimo ndani. Nilimwambia aniache, Bi Verna, nilimwambia mara nyingi. Ni fundi. Ni Keith."

Halafu Joni akageuza uso wake na kumtazama Verna, kinywa kikiwa wazi kidogo, akingoja.

Verna aliyajua maneno yale moja moja. Aliyasikia Oktoba ya mwaka uliotangulia, katika kiti kilekile, kutoka kwa msichana aitwaye Elaine Soileau, ambaye Krismasi ilipofika alifunga sanduku lake na hakurudi tena. Alijua pia jibu alilompa Elaine siku ile. Hakulitoa. Alisema kwa kunong'ona, "Pole, mwanangu. Nakuamini."

Kinywa cha Joni kikafungwa, kikafunguka tena. "Bi Verna, samahani, una nafasi? Naomba nifunge mlango."

Ikaanza upya yote, neno kwa neno, hata kikohozi kidogo katikati, na ilipofika mwisho ikangoja. Verna akajaribu jibu jingine, akasema nitakusaidia, akasema twende polisi, na kila jibu lisilokuwa lile alilompa Elaine liliirudisha sauti mwanzo, mpaka mara ya nne alipomvuta yule msichana mkono kwa nguvu akamsimamisha.

Joni akapepesa macho. "Balbu ni ya wati sitini, Bi Verna," alisema kwa sauti yake nene. Akaipokea akaondoka.

Tangu siku ile hakuna aliyekaa pale asiseme, ila Keith hakuwa akija, maana wiki zile alitumwa kutengeneza bweni jingine ng'ambo ya chuo. Mleta barua alisema. Mama mmoja aliyekuja kuona chumba cha binti yake alisema, mkoba mapajani, huku mumewe yuko nje anatafuta mahali pa kuegesha gari. Verna akakitoa kiti akakiweka stoo, asubuhi akakikuta mbele ya meza, kina joto. Kama lilikuwa jini, lilikuwa jini la subira, halikumgusa wala halikumtisha kwa lolote, lilitaka ajibu tu.

Alikwenda kwa Bi Azelie Primeaux, mwanamke mzee wa ng'ambo ya mto aliyetibu watu kwa sala. Wenye dawa hiyo hawalipwi wala hawashukuriwi. Ukisema asante, umeivunja. Na mgonjwa lazima aoneshe mwenyewe panapouma.

Bi Azelie alikuwa anakata bamia. Hakuacha.

"Nani mgonjwa?"

"Ofisini kwangu kuna kitu, Bi Azelie. Kiko kwenye kiti."

"Mimi sitibu viti, mpenzi. Natibu watu. Wewe unaumwa?"

"Naumwa."

"Nioneshe wapi."

Verna aliuona mkono wake mwenyewe ukianza kupanda kuelekea kinywani. Akaupeleka kwenye paji la uso. "Kichwa," alisema.

Bi Azelie aliacha bamia zake. Alifuta kisu, akatoa uzi mweupe, akaufunga mafundo tisa, kila fundo na sala yake ya Kifaransa, akamvisha kifundoni mwa mkono. Alimsindikiza mpaka mlangoni.

"Kichwa, umesema."

"Kichwa."

"Haya. Nimekutibu kichwa."

Verna aliyabana meno asishukuru. Asubuhi uzi haukuwa mkononi mwake. Ulikuwa juu ya kiti cha wageni, umenyooshwa, na mafundo yote tisa yamefunguliwa.

Ikafika siku ya mwisho ya Septemba. Saa nne asubuhi Sajini Trahan alifika akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Bi Verna, kijitabu kinakwenda kwa mpiga chapa saa kumi jioni. Bweni lako safi mwaka mwingine tena, naona. Sifuri tupu. Wenzako wanakuonea wivu."

"Ukitaka kubadilisha jibu?"

"Mpaka saa kumi. Baada ya hapo ni mwakani." Alimtazama. "Una la kubadilisha?"

"Nimeuliza tu."

Trahan hakuondoka mara moja. "Mimi sipimi pia, Bi Verna. Nakumbusha tu." Akavaa kofia akaenda.

Verna alijua ni nini kilichokuwa kinafungwa saa kumi. Juu ya kichwa chake walilala wasichana mia na arobaini, na mwenye ufunguo wa milango yao alikuwa yule mtoto ambaye yeye Verna alimfundisha kusema Baba Yetu. Akiandika, atampoteza Keith na atampoteza Lurline. Asipoandika, Elaine Soileau atakuwa hajawahi kutendewa lolote, wala hawa wasichana wa juu hawataambiwa. Alilijua hilo mwaka mzima. Hakuna siku ambayo hakulijua.

Saa saba mchana Keith akaingia, mara ya kwanza baada ya wiki tatu, anapiga mluzi, kikombe mkononi.

"Nanan, mbona uso kama umekula ndimu? Kahawa ipo?"

"Usikae hapo, Keith."

"Kwani kimepakwa rangi?"

"Nimesema usikae."

"Ah, Nanan na wewe, umeanza uzee." Akaketi, miguu mbele, kama alivyozoea.

Kikombe hakikumwagika. Alikishika vilevile, wima, mkono wake mkubwa wenye grisi ukiwa umetulia kabisa, na kutoka katika kifua kile kipana, chini ya masharubu yale aliyoyajua tangu yalipokuwa vinyweleo vitatu, ikatoka sauti nyembamba yenye mafua kidogo, ikaomba samahani, ikaomba kufunga mlango, ikaeleza kuhusu nguo na ufunguo na mashine iliyowashwa ili kelele yake ifunike kelele nyingine, na harufu ya kitambaa kinachoungua ikajaa mpaka macho ya Verna yakatoka machozi, na kinywa cha Keith kikatamka, "Ni fundi. Ni Keith," kisha uso wake ukageuka polepole na kumtazama mama yake wa ubatizo kwa macho ya msichana wa miaka kumi na tisa, ukangoja.

Verna alishika ukingo wa meza. Akalisema lile la kweli, kama alivyolisema Oktoba ile, kwa sauti ileile ya upole aliyoitumia.

"Labda hukumwelewa. Keith ni mtu wa mizaha. Umemwambia mama yako?"

"Bado," ilisema sauti.

"Basi usimwambie kwanza."

Mabega ya Keith yakashuka kidogo, kama ya mtu aliyeweka chini mzigo. Verna akadhani imekwisha.

Ndipo kinywa kilekile kikatoa sauti nyingine asiyoijua, ya msichana mwingine, nzito, yenye lafudhi ya kaskazini ya jimbo.

"Nilikuja, Bi Verna. Mwezi wa Machi. Nilifika mpaka mlangoni. Nikamkuta ameketi hapa, mnacheka naye. Nikarudi."

Sauti hii haikungoja jibu.

Keith alipepesa macho akatazama kikombe chake. "Imepoa," alisema. Kisha akamwona. "Nanan, unalia nini? Nani kafa?"

Verna alichukua mkoba wake. Alipita karibu naye bila kumgusa, akavuka uwanja juani bila kofia, akaingia ofisi ya polisi wa chuo saa saba na nusu. Aliomba karatasi. Aliandika kosa, chumba cha kufulia, siku ya Oktoba. Aliandika jina la Keith Hulin, na chini yake akaandika maneno aliyomjibu Elaine, yote, mpaka lile la mama yake. Kisha akaomba karatasi ya pili.

Trahan alisoma ya kwanza bila kuinua uso. Kwenye ya pili akasita.

"Huyu wa Machi ni nani?"

"Sijui."

"Nani alikuambia?"

"Nimeambiwa, Sajini. Nimeileta."

Trahan akaigonga mhuri. Jioni hiyohiyo Keith alinyang'anywa funguo. Katika kijitabu, mahali palipokuwa na sifuri pakaandikwa moja. La Machi, kwa kuwa lilikuwa la mwaka uleule ambao haujaisha, likaingia katika hesabu ya mwaka uliofuata. Elaine alitafutwa, akaja na mama yake kutoa maelezo. Mama yule alimpita Verna kwenye korido kama mtu anayepita mlango uliofungwa. Verna aliachishwa kazi kabla ya Novemba na hakuomba asamehewe, kwa sababu, alivyomwambia dada yake, kuomba hivyo kungekuwa kudai samahani kwa watu ambao hawakuwa wamemaliza kuumia.

Keith alikiri la Elaine akafungwa miaka tisa. La Machi alilikana, na bado analikana.

Bi Azelie Primeaux alifariki mwaka 2008, na mzee Ovey mwaka uliofuata. Sajini Trahan yu hai, amestaafu. Keith yu hai, yuko Texas. Lurline yu hai na anaona vizuri, ila hajafungua barua yoyote ya Verna. Elaine Soileau yu hai, ni muuguzi, ana watoto wawili. Verna yu hai. Ana miaka sabini na mitano. Yule wa Machi hakujulikana jina, wala ni mtoto wa nani, wala alikwenda wapi alipotoka pale mlangoni. Kama yu hai, hakuna anayeweza kusema.