Chupa ya Wiki ya Sita

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya shule, Bibi alimkamua Kali, nyati wetu wa kufugwa, nami nikakinga maziwa kwenye chupa ndogo ya Daktari Sarla, mtafiti wa mifugo. Daktari alichunguza jinsi maziwa ya nyati yanavyobadilika wiki baada ya wiki tangu mnyama azae: protini zipi zinaongezeka, na vinasaba gani ndani ya kiwele vinafanya kazi zaidi.

Wiki ya sita Bibi alikwenda harusini mjini Rohtak. Nilimwacha ndama anyonye kidogo, nikachuchumaa, nikavuta chuchu. Wapi! Kali alibana maziwa, hakutoa hata tone. Niliogopa kuitwa mzembe. Mama alikuwa ameshamkamua ng'ombe wetu, na ndoo ilikuwa palepale. Nikachota, nikajaza chupa. Maziwa ni maziwa, nikajidanganya.

Siku kumi baadaye Daktari Sarla alikuja, uso umekunjamana. Majirani walikuwa uani na vyombo vyao, wamekuja kununua maziwa.

"Mama Bhateri," alimwambia Bibi, "chupa ya wiki ya sita ina protini za ng'ombe. Mmechanganya?"

 Bibi alikuwa ameuza maziwa miaka arobaini, na hakuna aliyewahi kumtilia shaka. Jirani mmoja alianza kukichungulia chombo chake.

Vikas, mtoto wa jirani, akaangua kicheko. "Jamani, nyati amegeuka ng'ombe! Kesho atazaa mbuzi!"

"Funga bakuli lako!" Bibi alifoka. Akaniwekea mkono kichwani, kama wanavyofanya wazee wetu wakiapa. "Daktari, naapa kwa kichwa cha Sushma, nyumba hii..."

"Bibi, usiape!" nililia. "Ni mimi! Kali alinikatalia, nikatia maziwa ya ng'ombe."

Niliona aibu, nikatamani ardhi inimeze. Daktari hakunikaripia. Alitoa daftari.

"Hakutoa hata tone?"

"Hata tone."

"Alikosa mkono aliouzoea," alisema, akiandika. "Hilo nalo nilitaka kulijua, Sushma. Chupa tupu ingeniambia ukweli. Uliyoijaza ilinidanganya, na karibu imharibie bibi yako jina."

Majirani wakasogeza vyombo vyao kupimiwa, Vikas naye akainamisha kichwa. Mkono wa Bibi ulikuwa bado kichwani pangu.

"Umenitia aibu, mjukuu wangu, na wewe mwenyewe umeniondolea aibu hiyo," alisema. "Siku nyingine kazi ikikushinda, sema imekushinda."