Dawa ya Mende kwenye Sukuma Wiki

Kila jioni akitoka shuleni, Nanyama alibadilisha sare, akachukua ndoo ya maji ya sabuni na pilipili, akaenda kwenye bustani ndogo nyuma ya nyumba yao mtaani Woodley. Kazi yake ilikuwa kuwapangusa vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani ya sukuma wiki. Ilibidi ageuze kila jani.

Siku moja wenzake walimwita wakacheze kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Nanyama aliitazama mimea, akaona kazi haiishi. Aliingia jikoni, akachukua mkebe wa dawa ya mende, akanyunyizia mboga zote, kisha akakimbilia mchezo.

Kesho yake vidukari walikuwa wamekufa. Wale wadudu wekundu wenye madoa meusi, wanaowala vidukari, nao walikuwa wamekufa. Moyo ulimwuma.

"Sukuma imependeza," mama yake, Phoebe, alimwambia alipoingia ndani. "Nimemchumia Babu Hezekiah."

Hezekiah alikuwa jirani yao mzee, aliyeishi peke yake tangu afiwe na mkewe.

Nanyama alifungua kitabu cha hesabu, asione hata tarakimu moja. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Harufu ya vitunguu vikikaangwa ikaingia dirishani kutoka kwa mzee.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "ile mboga niliipulizia dawa ya mende."

Phoebe alimshika mkono. Walitoka mbio. Walimkuta mzee mezani, tonge mkononi.

"Babu, usile," Nanyama alisema huku akilia. "Ina sumu. Ni mimi niliyeitia."

Mzee alirudisha tonge kwenye sahani. "Nimeonja kidogo tu nikipika," alisema.

Walimpeleka zahanati. Nanyama alikaa kwenye benchi, akishindwa kumtazama usoni, hadi daktari aliposema mzee yuko salama.

Jumamosi Nanyama aling'oa mimea yote. Hezekiah alikuja na vitunguu saumu vya kupanda katikati ya miche mipya, kwa kuwa harufu yake hufukuza wadudu.

"Babu, nisamehe," Nanyama alisema.

"Nilishakusamehe. Leta jembe."

Phoebe alimshika binti yake bega. "Sumu haijui kidukari wala mzee, mwanangu. Afadhali tuchelewe tukigeuza majani. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajaketi mezani."