Aliyejibu Bila Waya

Mashine ilijibu kabla haijachomekwa waya. Bisibisi aliliona jibu kwenye skrini nyeusi, herufi za kijani zimejipanga vizuri tu, akadhani ni uchovu, akaendelea na kazi.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, asiye na maneno mengi. Jina lake la kuzaliwa wenzake walishalisahau, maana bisibisi haikumtoka mkononi, hata chai alikorogea hiyo hiyo. Alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha vitabu vya wasioona. Vitabu vyenyewe havikuwa na wino. Vilikuwa na nukta nundu, vidoa vilivyoinuka juu ya karatasi nene, ambavyo msomaji huvipapasa kwa ncha za vidole. Mdogo wake wa kiume, ambaye wote walimwita Mwalimu kwa sababu aliwahi kufundisha, alikuwa haoni tangu utotoni, na kazi yake ilikuwa kuupapasa kila ukurasa kabla vitabu havijashonwa, kutafuta makosa. Vidole vyake ndivyo vilivyomlisha yeye na mkewe.

Kompyuta za wakati huo zilikuwa za mwanzomwanzo. Mfumo uliokuwa ndani yake ulijua kibodi, skrini, diski na printa za aina moja, basi. Ukiileta mashine nyingine, hata iwe nzuri namna gani, kompyuta haikujua hata kama ipo. Ilibidi mtu akae aandike kiendeshi, yaani programu ndogo ya kuifundisha kompyuta namna ya kuongea na kifaa hicho. Meneja alikuwa amenunua mashine ya kupiga nundu, kubwa, kuukuu, isiyo na kiendeshi wala maelekezo, na shule zilikuwa zinasubiri vitabu. Mzigo ukamwangukia Bisibisi.

Kitu cha kwanza alichokifundisha kiendeshi chake ni kuuliza. Kila kompyuta ilipowashwa, swali lilipelekwa kwenye tundu la nyuma: nani yupo hapo? Mashine ikiwepo, inajibu kwa namba yake, inapewa nafasi na kazi. Isipokuwepo ni kimya, kompyuta inasonga mbele. Sasa waya ulikuwa mezani, umeviringishwa, na bado kulikuwa na jibu.

Alipochomeka waya, majibu yakawa mawili. Alipouchomoa, likabaki moja. Akabadilisha kompyuta, ikawa vile vile. Chumbani kukaanza kunuka moshi, ule wa kuni zilizozimwa kwa maji, akakagua soketi zote, hakukuta kinachoungua.

"Inapiga au haipigi?" Meneja aliuliza kutoka mlangoni.

"Inapiga."

"Basi endelea."

Na kweli ilipiga. Kurasa zilitoka nzima nzima, kwa kishindo cha mvua ya mawe juu ya bati, na Bisibisi akauzoea ule moshi mpaka akaacha kuusikia.

Asubuhi moja Mwalimu alisimamisha kidole katikati ya ukurasa. Walikuwa kwenye kitabu cha mimea.

"Dada, huu ukurasa nani kauandika?"

"Ni ule wa mizizi."

"Kuna mstari hauhusu mizizi."

"Unasemaje?"

Mwalimu aliinamisha kichwa, akashusha sauti kama vile kuna mtu amelala jirani. "Unasema, huyu anayenisoma ana vidole vya moto."

Bisibisi aliusoma ukurasa wote kwenye skrini. Mizizi tu. Akauchapa upya. Mwalimu akaupapasa taratibu, mstari kwa mstari, akafika mwisho, akaukunja.

"Sasa unasema nimpapase tena," alisema.

Walipaswa kuogopa, na wote wawili walijua hivyo, lakini hofu ilichelewa kuja, na kazi ilikuwa nyingi.

Kidole cha shahada cha mkono wa kulia ndicho kilichotangulia kufa ganzi. Mwalimu hakumwambia mtu, akasomea cha kati. Cha kati nacho kikafuata. Mkewe ndiye aliyegundua, siku alipomkuta jikoni ameipua sufuria motoni kwa mikono mitupu, ameishika tu, anageuza pua huku na huku na kumuuliza, "Mke wangu, hiki kinachoungua ni nini?"

Kesho yake mke huyo alikuja kiwandani, akasimama mbele ya meza ya Bisibisi bila hata kuketi.

"Wifi, mdogo wako haumii."

"Hospitali wamesemaje?"

"Wamemchoma sindano kila kidole. Wanasema mishipa. Hawajui." Akaitazama mashine. "Tangu mlete hiki kidude, wifi, mmekuwa kama watu wa plastiki. Nakuambia mdogo wako anaungua, unaniuliza hospitali."

Bisibisi alingoja uchungu umpande. Haukupanda. Alimjibu wifi yake kuwa atalishughulikia, kwa sauti ile ile ambayo angeahidi kubadilisha balbu.

Mchana wa siku hiyo umeme ulikatika. Skrini ikazimika, feni ikazunguka kivivu ikasimama, kiwanda kizima kikawa kimya, kisha kutoka kwenye kona mashine ikaanza kugonga, pole pole kwanza kama mtu anayebisha hodi akiwa hana haraka, halafu kwa kasi, bila umeme na bila kompyuta ya kuituma, karatasi ikipanda na kuteremka na kumwagika sakafuni kama nguo inayovuliwa, na moshi wa zile kuni ukarudi mzito mpaka ukakaa ulimini, na Bisibisi alipogeuka alimwona mdogo wake amepiga magoti katikati ya ile karatasi, viganja vyenye malengelenge vimetanda juu yake, midomo inacheza, anasoma kwa vidole ambavyo asubuhi ile ile vilikuwa havitambui hata kikombe.

"Acha," Bisibisi alimnong'oneza. "Acha, mdogo wangu."

"Karatasi siihisi tena, dada," Mwalimu alisema kwa utulivu. "Namhisi yeye tu."

Wifi hakungoja ahadi nyingine. Alimleta mganga, mwanamke mnene aliyekuwa na cherehani yake sokoni, futi ya kupimia bado iko shingoni. Wateja wake wa nguo na wa mashetani walikaa benchi moja. Alivuta pumzi mara moja tu, akaomba kiti.

"Nani alimwita?"

"Hakuna aliyemwita," Bisibisi alisema. "Mimi niliuliza tu nani yupo."

"Kuita ni kupi tena? Uliuliza mara moja?"

"Kila ikiwashwa."

"Na akijibu, mnampa nini?"

Bisibisi alifikiri. "Nafasi. Na kazi."

Mganga aliitikia kwa kichwa, kama aliyesikia kipimo cha nguo aliyokwisha kuikisia. "Basi mmemkalisha wenyewe. Aliyekalishwa hatoki kwa kufukuzwa, mama. Huyu amependa kupapaswa. Atakwenda na mikono."

Mwalimu alikuwa ameketi pembeni, mikono mapajani. "Achukue hii. Ameshaizoea."

"Mikono yako ndiyo macho yako," Bisibisi alisema. "Mimi macho ninayo. Achukue yangu."

"Dada, usifanye hivyo."

"Nimeshasema."

Mganga hakuwabembeleza. Aliwasha ubani, akazungusha uzi mweusi kwenye viganja vya Bisibisi na kuupitisha kwenye ule waya wa mashine, akaanza kusema maneno ya chini chini, ya kuagana, ya heshima, kama anayemsindikiza mkwe mgumu. Kisha akamwambia akifute kile kiendeshi alichokiandika. Bisibisi aliweka vidole kwenye kibodi. Amri yenyewe ilikuwa fupi, na kila herufi aliyoibonyeza iliondoka na kidole, hiki, na hiki, na hiki, bila maumivu. Alipofika kitufe cha mwisho ilibidi atazame kuhakikisha amekigusa. Nyuma yake mashine iligonga pigo moja, ikanyamaza. Moshi ukakatika.

Mwalimu alianza kulia.

"Inauma," alisema, akiinua viganja vyake vilivyoungua. "Mke wangu, inauma." Alikuwa analia na kucheka, na mkewe akampulizia vidole kimoja kimoja.

Mashine ile ilichukuliwa na watu wa vyuma chakavu. Meneja alinunua nyingine, ya aina ambayo kompyuta ilikuwa inaijua tayari, na vitabu vya mimea vikafika shuleni vimechelewa. Bisibisi alijifunza kufanya kazi kwa kutazama. Alivunja vikombe vingi. Watu walimpa pole, naye akashukuru, na siku zikaenda.

Mvua zilipokwisha aliona vipele kwenye ncha za vidole vyake. Vilikuwa vidogo sana, haviwashi. Alingoja wenzake watoke kula, akaenda kwenye meza ya Mwalimu, akamlazia viganja mbele yake. Yeye mwenyewe nukta nundu hakuwahi kujifunza, mashine ndiyo iliyokuwa ikigeuza herufi.

"Hebu nishike hapa, uniambie ni nini."

Mwalimu alivipapasa vidole vyake kutoka upande mmoja hadi mwingine. Akarudi kwenye vya mwanzo, akapita tena, polepole zaidi. Midomo yake ikaanza kucheza, kama siku ile umeme ulipokatika.

"Vipele tu, dada," alisema mwishowe. "Joto hili."

Akainuka, akaenda kwenye bomba, akanawa kwa sabuni kwa muda mrefu.

Jioni walitoka pamoja. Getini Bisibisi alimnyooshea mkono wa kumvusha barabara, kama kila siku. Mwalimu aliisikia nguo yake ikicheza, akajua mkono uko wapi, akasogea upande wa pili na kuushika ukuta.