Gunzi Jipya la Pawatila

Mzee Vitus anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema alikuwa anapeleka ng'ombe wake malishoni, akamwona Lugano anaingia mtoni na pawatila, lile trekta dogo la Adolfu. Maji yakafika kwenye injini, na Lugano kakaa juu anaimba kama yuko harusini.

"Akaizungusha mle mle majini," anasema mzee Vitus, "kama mtoto anayecheza. Sasa mnashangaa nini ikifa?"

Jenifa alisikia habari hiyo kwenye mashine ya kusaga. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita, na kila Jumatatu akitoka shule alipitia hapo kuchukua unga wa ulezi wa mama yake. Siku hiyo alikuta watu wamesimama makundi makundi. Rafiki yake Sharon ndiye aliyemkimbilia.

"Jenifa, kwenu kumekucha! Dereva wenu kaingiza pawatila kwa mamba."

"Mamba gani? Mto wetu sasa hivi haufiki hata magotini."

"Basi mamba mfupi," alisema Sharon, na wote wakacheka.

Lakini Jenifa alipofika nyumbani, kicheko kilimwisha. Pawatila ilikuwa imesimama uani, imeburutwa kutoka shambani. Baba yake, mzee Adolfu, alikuwa amekunja mikono. Mbele yake alisimama Lugano, kijana aliyekuja kutoka Mbeya kutafuta kazi, ambaye msimu mzima uliopita ndiye aliyewalimia.

"Baba, mimi mtoni sijafika," alisema Lugano. "Tangu asubuhi niko shambani. Gia zilianza kulia, kisha zikakataa kabisa. Nikazima injini palepale."

"Vitus amekuona."

"Mzee Vitus anakodisha ng'ombe wa kulima, baba. Watu wakihamia pawatila, yeye..."

"Usimseme mzee!" Adolfu alipandisha sauti. "Mvua imeshaanza kunyesha. Mimi nina shamba la mahindi halijaguswa, na chombo kimekufa mikononi mwako. Nenda nyumbani, Lugano. Nitatafuta dereva mwingine."

Lugano alichukua koti lake kwenye mpini wa pawatila, akamwambia Jenifa, "Kwaheri, bosi mdogo," akaondoka akikokota baiskeli yake.

Jenifa aliweka unga chini, akaisogelea pawatila. Pale juu ya giaboksi, yaani lile sanduku la chuma linalofunika gia, palikuwa na tundu la kuwekea oili. Kifuniko chake kilipotea zamani, na baba alikuwa ameliziba kwa gunzi la mahindi, kama watu wanavyoziba chupa ya mafuta ya taa. Kando ya gunzi hilo sasa palikuwa na povu. Povu jeupe, zito. Jenifa alichomoa gunzi, akachungulia. Oili iliyotakiwa kuwa nyeusi ilifanana na chai ya maziwa.

Alilikumbuka gunzi lile.

Jumamosi mama alikuwa amemwambia aoshe majembe na pawatila, maana Jumapili padri angekuja kanisani kigangoni kubariki mbegu na zana za kilimo. Hakuna anayependa kupeleka jembe lenye matope mbele ya padri. Jenifa aliosha kila kitu hadi kikang'aa. Ila gunzi lilikuwa jeusi tii, limelowa oili ya miaka, likamtia aibu. Akalichomoa, akalitupa, akamwagia pawatila ndoo za maji huku tundu likiwa wazi, kisha akachomeka gunzi jipya, safi, jeupe. Lilikuwa jembamba kidogo na lilicheza, lakini lilipendeza. Usiku ule mvua ikanyesha pia.

Jenifa aliangalia barabarani. Lugano alikuwa hajafika kwenye kona. Hakuna mtu ambaye angeuliza habari za gunzi. Kijiji kizima kilikuwa na jibu lake tayari. Angenyamaza tu, na mambo yangepita.

Lakini yangepita juu ya nani?

"Baba," aliita. Sauti ilitoka ndogo, akaita tena. "Baba! Lugano hakuingia mtoni. Maji niliyaingiza mimi."

Akamweleza yote: majembe, padri, gunzi jeusi, gunzi jeupe. Adolfu alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, baba alichukua lile gunzi jembamba, akaligeuzageuza kwenye vidole.

"Kwa nini hukusema mapema?"

"Nilikuwa sijui, baba. Nimejua sasa hivi nilipoona povu. Nichape, lakini nifundishe kuyatoa hayo maji."

Adolfu alivuta pumzi. "Kazi ya giaboksi siijui. Na anayeijua nimetoka kumfukuza." Akavaa kofia yake. "Twende."

Walimkuta Lugano kwenye chumba alichopanga, anakunja nguo zake. Jenifa alimwamkia, kisha akarudia maneno yaleyale mbele yake. Kuyasema mara ya pili kulikuwa kugumu zaidi. Adolfu naye akasema, "Nimekukosea, kijana wangu. Nilimsikiliza wa mbali nikakuacha wewe uliye mbele yangu."

Lugano aliweka chini shati alilokuwa akilikunja. Kisha akamtazama Jenifa. "Nitakuja, baba. Ila mimi nitakaa kwenye kiti tu na kuelekeza. Mikono itakuwa ya huyu."

Kesho yake Jenifa alirudi kutoka shule mbio. Pawatila ilikuwa imetulia usiku kucha bila kuguswa, kama Lugano alivyoagiza, ili maji yashuke chini. Chini ya giaboksi palikuwa na nati ya kutolea oili. Jenifa alilala ubavu kwenye magunia, akashika spana, akavuta. Nati haikusogea. Akavuta tena mpaka viganja vikawaka.

"Inakucheka hiyo," alisema Lugano.

"Iache icheke."

Lugano alimpa kipande cha bomba akivishe kwenye mpini wa spana urefuke. Jenifa aliweka miguu kwenye tairi, akavuta kwa uzito wake wote. Nati ikalia, ikalegea. Kwanza yalitoka maji, yakafunika kitako cha beseni alilotega. Kisha ikafuata oili ile nyeupe, ikishuka polepole kama uji.

"Sasa tunafunga?" aliuliza Adolfu.

"Bado, baba. Iliyoganda ndani haijatoka."

Walifunga nati, wakamimina dizeli kidogo, wakaisukuma pawatila mbele na nyuma uani ili gia zizunguke na kujiosha. Walipofungua, dizeli ilitoka na weupe. Wakarudia. Mama Jenifa aliwaletea ugali na maharage, wakala haraka, wakarudia tena. Jua lilikuwa linaelekea kuzama na upepo wa baridi wa Ufipa ulishaanza kupenya kwenye sweta.

"Inatosha sasa," alisema Adolfu. "Imekaribia kuwa safi."

Jenifa alichovya kidole kwenye beseni, akakitazama kwenye mwanga. "Bado kuna weupe, baba. Mara moja tena."

Walisukuma tena. Safari hii dizeli ilitoka safi.

Jumatano walijaza oili mpya ya gia, Lugano akawasha injini na kuizungusha pawatila taratibu mpaka giaboksi ikapata joto. Jenifa alipofungua nati kuangalia, moyo ulimshuka. Oili mpya imefifia, ina ukungu mweupe.

"Oili mpya kabisa!" Adolfu alishika kichwa.

"Ni maji yaliyojificha kwenye kona," alisema Lugano. "Oili ya moto ndiyo inayoyatoa. Hasira haiyatoi."

Jenifa alishaweka beseni chini, anashika spana. Alimwaga yote, akafunga, akajaza upya. Ile chafu waliitia kwenye dumu kuukuu ili ikitulia wapake nguzo za zizi zisiliwe na mchwa, kwa maana ukimwaga oili ardhini mvua huipeleka mtoni, na mtoni ndiko watu wanakochota maji. Lugano alikwenda madukani Chala kwa baiskeli, akarudi na kifuniko cha chuma cha kukaza kwa mkono. Jenifa alikikaza mwenyewe. Gunzi jeupe likaingia jikoni, likachemshia chai.

Alhamisi jioni pawatila ilikuwa shambani. Gia zilishika bila kulia, na udongo ulipinduka mweusi nyuma ya Lugano, mstari baada ya mstari. Safari hii alikuwa anaimba kweli.

Mzee Vitus alikuwa anapita na ng'ombe wake. Alisimama mpakani mwa shamba, mikono juu ya fimbo.

"Shikamoo babu," Jenifa alimwamkia.

"Marahaba. Kumbe imepona?"

"Imepona," alijibu Adolfu. "Binti yangu alikosea, akagundua kosa lake, akasema. Angenyamaza, tungemtosa mtoni mtu asiye na kosa, na chombo kingeoza ndani huku tukilaumu mto." Akamgeukia Jenifa. "Sikiliza, mwanangu. Kukosea kunampata kila anayefanya kazi. Kazi ya mtu mwaminifu ni kusema mapema, kisha kushika spana mpaka mwisho. Wewe umefanya yote mawili. Hiyo usiiache ukubwani."

"Ndiyo, baba."

Mzee Vitus alikohoa. Alimpigia ng'ombe wa mbele mluzi, ingawa ng'ombe alikuwa amesimama tu anakula majani.

Jenifa alifuta mikono kwenye sketi. Alikumbuka kicheko cha pale mashineni, na jinsi yeye mwenyewe alivyocheka na wenzake kabla ya kujua.

"Babu," alisema kwa adabu, "leo ukipita kwenye mashine ya kusaga, watu watakuwepo wengi. Naomba uwaambie kuwa Lugano hakuingia mtoni."

Mzee Vitus aliitazama pawatila iliyokuwa inageuza kule mwisho wa shamba, akamtazama Lugano aliyekuwa akiimba, akaweka fimbo begani. "Nitawaambia," alisema, akawageuza ng'ombe kuelekea mashineni.