Kilua cha Jamnadas

Mdalasini ndani ya kopo ulinukia maua ya kilua. Jamnadas, mtengeneza marashi wa Mchafukoge, alinusa tena, akafunga kopo, akajiambia pua yake imechoka.

Kariakoo nzima ilimjua kwa marashi yake ya kilua, basi. Mwaka ule wa 1954, mwanamke akipita sokoni amejipaka, watu walisema, "Huyo katoka kwa Jamnadas." Rafuni alikuwa na chupa nyingine tele, na hakuna aliyeziulizia. Jambo hilo lilimkera, ingawa ndilo lililomlisha.

Safari hii alitaka harufu ya pili kwa ajili ya binti yake. Chandrika alikuwa amerudi kwa wazazi kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi yao, na mimba ikakikataa kilua. Akikisikia tu, anatapika. Baba akamchanganyia marashi mepesi ya waridi na mdalasini. Asubuhi yalinukia waridi. Adhuhuri yakawa kilua.

Kisha wali ukanukia kilua, na chai, na Chandrika akaacha kula.

"Baba Chandrika," mkewe Jasumati alinong'ona, "mtoto anakwisha. Hata maji ya kunywa yananuka. Na wewe unanusanusa nini huko dukani tangu saa sita?"

"Mimi? Mimi nilikuwa msalani."

Wakasimama wameshikana mikono, mchana kweupe, huku nje mwuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, wakasikia pumzi ikivutwa ndani ya duka lisilo na mtu, polepole, kwenye chupa ya kwanza, kisha ya pili, ikifuata rafu mpaka mwisho, ikapita pazia bila kulitikisa, ikaingia chumbani alikolala Chandrika, ikashuka mpaka usawa wa tumbo lake, na hapo ikavuta kwa muda mrefu, kwa raha, kama mteja aliyepata alichokuja kukitafuta.

Wakamwita Bi Chausiku, mganga wa Ilala. Aliuweka mkono juu ya mtungi mkubwa wa marashi ya kilua, akauondoa haraka.

"Ulimwahidi nini huyu aliyemo humu?"

Jamnadas aliona haya mbele ya mkewe. "Zamani, biashara ilipokufa, niliinamia mtungi huu nikasema: nipe harufu moja tu ya kunijulisha kwa watu, sitataka ya pili. Nilikuwa nasema ovyo, Bi Chausiku. Nilikuwa na njaa."

"Na yeye akakusikia. Sasa umetaka ya pili, anataka malipo. Mwaga yote. Usibakize hata tone."

Yakamwagwa mferejini, na mtaa mzima ukanukia kama nyumba ya harusi. Jioni ile Chandrika alikula wali, akaomba tena. Jasumati alilia kwa furaha.

Lakini Jamnadas alikuwa amebakiza kidogo. Mtungi mpya wa kilua huzinduliwa kwa masalio ya ule wa zamani, bila hayo hautoki, na mkono wake ulikuwa umezoea kubakiza. Isitoshe, mjukuu angekula nini? Aliyatia kwenye kichupa, akaziba kwa nta, akakificha nyuma ya rafu.

Chandrika alijifungua salama, mtoto wa kike. Jamnadas alisikia kilio cha kwanza akiwa dukani, machozi yakamtoka. Akaona huu ndio wakati wa kuanza upya. Akakitoa kichupa.

Nta ilikuwa nzima, haijaguswa. Ndani kilikuwa kikavu.

Alikuwa bado anakigeuzageuza kwenye mwanga Jasumati alipotokea mlangoni na mtoto mikononi, amefungwa kanga. Alikuwa ameinamisha uso kwenye utosi wa mtoto, kama mabibi wote wafanyavyo, kisha akauinua taratibu.

"Baba Chandrika," alinong'ona, "nani kampaka mtoto marashi? Hata hatujamwogesha."