Gari Lililosahau Kila Usiku

Siku ya soko, mjini Khayega hakuna mtu mwenye subira, na gari la Khaemba lilichagua siku hiyo kukwama katikati ya barabara. Taa ya njano iliwaka, giaboksi ikang'ang'ania gia ya pili, waendesha boda wakamtukana bila huruma. Msichana mwenye ovaroli ya buluu na kilemba chekundu akagonga kioo.

"Zima. Hesabu mpaka kumi, uwashe."

Gari likanguruma vizuri.

"Wewe ni mganga?"

"Mimi ni fundi Awinja, niko na gereji Kakamega. Hiyo shida kompyuta ya gari imeandika. Kuja kesho asubuhi nichomeke mashine, nisome."

Khaemba, mkaguzi wa miwa katika kiwanda cha sukari cha Butali, alifika na shati jeupe lililopigwa pasi kama la bwana harusi. Mashine ikachomekwa chini ya usukani. Haikuonyesha kosa hata moja. Mchana gari likakwama tena Kabras. Kesho yake mashine ikasoma tupu vilevile. Jioni simu ya Khaemba ikalia.

"Gari bado inasumbua?" Awinja akauliza.

"Gari, na mwenye gari pia."

"Wewe sina mashine ya kukusoma!"

Walicheka, lakini Awinja hakutulia. Wanaume walishamletea magari mazima wakidai injini zinagonga, kumbe wanataka namba ya simu. Mmoja alimpotezea mwaka mzima, kisha akaoa kwingine. Sasa alikuwa amempenda Khaemba, na aliogopa kuchezewa tena.

Asubuhi ya tatu, tupu. Awinja akatazama redio: stesheni zote zimepotea, na saa ya gari imeanza kuhesabu upya. Akamgeukia Khaemba.

"Nani anatoanga waya ya betri?"

"Waya gani?"

"Ikitolewa usiku, kompyuta ya injini na ya giaboksi zinasahau makosa yote. Na gari inalala kwako! Kama si wewe, ni nani?"

"Awi, naapa..."

"Usiniite Awi! Unafuta makosa ndio upate sababu ya kurudi hapa. Unanichezea kama wengine. Itoe hapa!"

Siku mbili Awinja hakushika simu za Khaemba. Khaemba hakula, hakukaa. Jumamosi alfajiri akatoka nje, na lo! Mama yake, Maximilla, leso kiunoni, ameinamia boneti.

"Mama! Unafanya nini?"

"Narudisha waya. Gari ya marehemu baba yako iliibwa hapa hapa tukiwa tumelala. Tangu ununue hii, natoanga jioni, narudishanga nikiamkia maombi. Mwizi ataiba gari haiwaki?"

Khaemba akaketi kwenye nyasi, akacheka mpaka akalia. Kisha akamwomba mama ampigie Awinja kwa namba yake mwenyewe, ambayo fundi hakuijua. Awinja akashika.

"Mulembe, hujambo mwanangu. Usimfukuze huyu kijana. Mwenye makosa ni mimi."

Akasimulia yote. Awinja akafuta machozi.

"Mama, leo iache waya mahali pake."

"Na wezi?"

"Khaemba alale ndani ya gari."

"Atalala!"

Siku hiyo gari lilipokwama, Khaemba alishangilia. Jumapili mashine ikasoma papo hapo: sensa inayopima spidi ya giaboksi imekufa. Awinja akaibadilisha.

"Nisamehe," akasema.

"Yameisha."

Wakapeana mikono kama wageni, kila mmoja akiogopa kusema zaidi. Siku nne Awinja alifungua injini za watu huku macho yakiwa langoni. Gari limepona; Khaemba atakuja kufanya nini?

Ijumaa akashuka kwenye boda, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Imeharibika tena?"

"Gari iko nyumbani, nzima kabisa. Sina kitu ya kutengenezwa. Nimekuja kuuliza kama naweza kumleta mama kwenu, aongee na wazazi wako."

Spana ikamponyoka Awinja. Hakuiokota.

"Mlete Jumapili," akasema. "Nitamwambia mama achinje ingokho, kuku ya wageni."