Kikombe Kisichotikisika

Chupa ya vidonge iliibiwa kati ya chai na chakula cha mchana, na kufuli la kabati halikuguswa, utadhani dawa zilimea miguu zikajiendea.

Inspekta Ndambuki alifika mtaa wa Tena, Nairobi, saa nane mchana, mwaka ule wa 1984. Nyumba ya Faraja ilitunza watu wazima kumi na mmoja wenye ulemavu wa akili. Mtaa uliwaita watoto hata walipoota mvi. Vidonge vilikuwa vya kutuliza wazimu. Msimamizi, Bwana Mulama, alikwisha kumpata mwizi: Wayua mpishi, maana ufunguo wa pili ulining'inia jikoni. Alikuwa amemfungia stoo. Wayua aliapa kwa kanisa lake, na la jirani akaongeza.

Ndambuki alizunguka ua. Nyuma ya choo, kuku wa jirani walikuwa wamelala fofofo mchana kweupe, jogoo kaegemeza mdomo chini kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Mlangoni pa choo palitapakaa unga mweupe wa vidonge vilivyosagika. Mwizi hakuuza dawa. Aliimwaga.

Akarudi kabatini. Skrubu za bawaba zilikuwa na mikwaruzo mipya. Mlango uling'olewa upande wa bawaba, ukarudishwa kwa ustadi wa fundi.

Aliagiza chai kwa wote kumi na mmoja. Vikombe vikaanza kugonga visahani, mikono ikitetemeka kwa dawa ya miaka, chai ikimwagika mapajani. Vikombe kumi. Cha kumi na moja kilitulia tuli.

Mwenyewe alikuwa Kimeu, miaka arobaini, mwana wa mchonga vinyago wa soko la Gikomba. Mulama alicheka. Huyo, alisema, hajui hata Jumatatu na Jumapili.

"Kimeu, dawa yako unameza?" Ndambuki aliuliza.

"Naweka shavuni. Siku nne. Nikatema."

"Na kabati?"

"Kisu cha jikoni. Nikazungusha skrubu."

"Kwa nini yote? Si ungetema yako tu?"

Kimeu aliwatazama wenzake. "Wao hawajui kutema."

"Dawa inakufanya nini?"

"Miguu inataka kutembea, mwili unataka kulala. Twiga wa kuchonga hawatoki mikononi." Akafikiri kidogo. "Wayua mtoe, afande. Ni mimi."

Wayua akafunguliwa. Ndambuki akamgeukia Mulama.

"Daktari alimwandikia nani dawa hii?"

"Jimale. Mwaka sabini na tisa. Alikuwa akipiga watu."

"Yuko wapi?"

"Alifariki, afande."

"Na hawa je?"

Mulama alifuta jasho. "Jimale alipomeza, nyumba ilitulia. Nikawapa wote. Watu kumi na mmoja, afande, na mimi ni mmoja. Usiku mzima mlango unagongwa. Ungefanyaje?" Akaongeza kwamba chupa nyingine ingeletwa kesho asubuhi, na safari hii angewapekua midomo kwa kijiko.

Ndambuki alipekua sheria zote alizozikariri. Ya wizi ilimjia upesi. Ya kumlaza mtu mzima miaka mitano kwa karatasi ya marehemu, hakuwahi kufundishwa. Angeandika ripoti, ingepanda ngazi ofisini polepole. Kijiko kingefika kwanza.

Kimeu alikuwa amekwisha kunyoosha mikono apigwe pingu.

"Jela wanatoa vidonge?"

"Hivi, hapana."

Kimeu akachukua koti lake msumarini, akatangulia kwenye Land Rover ya polisi.